Nani Alifunga Boksi Hili

...na msimamizi anauliza tena, kwa sauti ya mtu ambaye ameshauliza swali hilohilo katika nyumba nyingi kabla ya yangu, Mama, naomba kujua tu, hili boksi lilifungwa na watu wetu au mlilifunga wenyewe, na mimi nimepiga magoti sakafuni, mkono umezama ndani ya boksi mpaka kwenye kiwiko, magoti yananiuma kwa sababu zulia bado limeviringishwa nyuma ya mlango na sakafu ya nyumba hii ni saruji tupu, najifanya bado natazama, na kweli natazama, kwa vidole, vidole vimekuta kitu ambacho kichwa changu hakitaki kukipokea... ngoja kwanza, mwanamume, nipe nafasi, wiki nzima mmenisikilizisha muziki wa simu, na wewe sasa subiri kidogo. Wiki nzima. Kila nikiipigia simu hiyo kampuni yao ya kuhamisha mizigo napokelewa na msichana mwenye sauti laini, samahani kwa usumbufu mama, naomba nikuunganishe na wahusika, na wahusika ni kinanda, kinanda kinachopiga wimbo uleule, hauna mwanzo wala mwisho, nimepika nikikisikiliza, nimefua nikikisikiliza, mara moja nilisinzia nacho sikioni na nilipoamka mtu alikuwa anasema halo, halo, kisha akakata. Usilifungue boksi, mama, ndivyo walivyoniambia siku ya kwanza, usilifungue mpaka mtu wetu aje alione kwa macho yake, ukilifungua madai yamekufa, basi nimekaa na boksi hili sebuleni kama mgeni asiyejua kuaga, nimelizunguka nikifagia, nimeweka kikombe cha chai juu yake, nimelisikia likilia kila mguu unapoligusa, vyombo vya kioo ndani vikigongana, na kila likilia damu inanichemka upya, nasema wakija nitawapa vidonge vyao, watanitambua, na binti yetu naye kwenye simu ananitia moto, Mama usilegee, hiyo ni haki yako, watu hawa wamezoea wazee wanaochoka, kwa hiyo wewe usichoke. Usichoke. Anayesema hivyo ana miaka mingapi, huyo. Mimi nimechoka tangu kufungua kabati la kwanza kule nyumba ya zamani, nimechoka ngazi, ndizo zilizotuhamisha, nimechoka kutafuta vitu, sijui chujio liko wapi, sijui soksi za mzee ziko wapi, mwiko wangu umepotea, mwiko wangu wa mti, siku zote hizi nakoroga sufuria kwa kijiko cha chai naungua vidole, na hata huo mwiko nimeudai, nimemwambia yule msichana wa simu andika na mwiko, watu wenu wameondoka na mwiko wangu, akasema ameandika, nikasikia kabisa anajizuia kucheka.

Na leo wamekuja. Msimamizi shati limepigwa pasi, amenisalimu shikamoo kwa adabu, na hata kabla ya kuketi ameshanisomea sheria yao, tulichofunga sisi tunakijibu sisi, alichofunga mwenye mali ni juu ya mwenye mali, na boksi kweli ni letu mama, nembo hii ni yetu, utepe ni wetu, ila waliofunga siku ile hawakumbuki boksi hili, ndiyo maana nauliza. Nilimwambia fungua kwanza uone uharibifu wenu, akakata utepe kwa ufunguo wa gari, nikamwambia niachie, vyombo vyangu navitoa mwenyewe, nikapiga magoti. Na kusema kweli jibu nilikuwa nalo tayari, limekaa juu ya ulimi, watu wenu, maneno mawili tu, uongo mdogo wenye haki yake, maana mimi najua nani aliyefunga, ni mume wangu aliyefunga, alikataa vioo vyake visishikwe na mtu, alichukua boksi moja la kampuni na utepe wa kampuni akaingia chumbani akajifungia nao mchana kutwa, lakini kufunga kwake si kufunga kwa mtu yeyote, alichofunga yeye hakivunjiki kikiachwa salama, kikivunjika kimeangushwa, na kama kimeangushwa basi hiyo sheria yao ni ujanja wa kukwepa, na mimi kumdanganya mjanja nisingekosa usingizi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimejipanga dakika chache zilizopita. Halafu huyu bwana akaongeza, ili kunituliza, eti Usijali mama, ikionekana ni sisi wewe utafidiwa, halafu sisi kwa sisi tutakatana mshahara huko ndani na aliyelibeba, na akanyoosha kidevu kuelekea mlangoni, na pale mlangoni, nusu ndani nusu nje, kofia juu ya goti, ameketi yule mbebaji wanayemwita Kontena. Jitu zima, ndevu zimeanza mvi, aliteremsha friji yangu kwa mgongo wake peke yake ghorofa zote zile, na alipopewa maji akanywa akasuuza kikombe mwenyewe akakirudisha kifudifudi. Leo hajanywa kitu. Amesema mara moja tu, bila kupandisha sauti, Mama, mimi sikuliangusha, nilishuka nalo kama nimebeba mtoto mchanga, basi, na mimi nikamtolea macho nikamwambia kwa hiyo vioo vimejivunja vyenyewe, na mume wangu kule kwenye kiti chake karibu na dirisha akatikisa kichwa kwa huruma, akasema Wameliangusha. Boksi linasema.

Boksi linasema, hayo ni maneno yake ya ghalani. Miaka yote ya ndoa yetu amekuwa mfungaji katika ghala la vyombo vya kioo, mimi nikiwa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, mimi nakunja mashuka yeye anafunga bilauri, tukirudi jioni kila mtu mikono yake imechoka kwa namna yake, na kule ghalani hakuna aliyemwita kwa jina lake, walimwita Taratibu, kwa sababu wapakiaji wote wa malori walilisikia neno hilo kwake kutwa mara mia, taratibu ndugu yangu, taratibu, hata nyumbani, hata watoto walipokuwa wanajifunza kutembea, hata mimi nilipokuwa na uchungu wa mtoto wa mwisho nikiteremshwa ngazi na majirani, nilimsikia nyuma yangu akiwaambia taratibu, na nikiwa katika hali ile nilicheka. Likimaliza kufungwa boksi analiinua, anaweka sikio, analitikisa kidogo, boksi likisema hata neno moja analifungua na kuanza upya. Ndivyo alivyofanya siku ya kuhamia hapa, mizigo haijatulia, akaweka sikio kwenye boksi hili, akatikisa, uso wake ukabadilika, na mimi kuuona uso ule nikaishika simu. Maana vyombo hivi si vya kununua. Kila mwisho wa mwaka mwenye ghala aliwaruhusu wafanyakazi wachague kitu kimoja kutoka rafu ya vyenye kasoro, na mume wangu alinichagulia mimi, bilauri hii ina kipovu cha hewa kwenye kitako, hii mdomo wake umepinda kidogo kama mtu anayetaka kusema jambo, jagi hili limeegemea kushoto, hakuna kilichofanana na mwenzake, wageni walifikiri ni mtindo, na mimi nikivikausha nilikuwa navitambua kwa kasoro zake, huu ni mwaka aliozaliwa binti, huu ni mwaka tuliokuwa tumenuniana na bado akaniletea. Sasa nimeshatoa vipande vya kutosha. Kile chenye kipovu kimekatika katikati ya kipovu. Nimeumia, sitaki kujikaza hapa, nimeumia kweli, wala sikutaka fidia yao nikanunulie nini, nilitaka mtu mmoja tu aniangalie usoni aseme tumekosea, mama. Basi. Aseme ili iishe, nikalale.

Lakini nafasi. Vidole vimerudi pale pale. Kila bilauri imeviringishwa gazeti kuanzia pembeni, ncha imesokotwa na kuingizwa ndani, hiyo ni kazi yake, hakuna binadamu mwingine anayesokota gazeti hivyo, na zimesimama kwenye safu zilizonyooka, na kati ya bilauri na bilauri ameacha upana wa kidole kimoja, safu baada ya safu, kidole kimoja, kidole kimoja, na ndani ya nafasi hizo hamna kitu. Hamna gazeti la kukunjakunja, hamna kitambaa, hamna hata soksi. Hewa. Vilikuwa vinacheza humu ndani kutoka ghorofa ya juu mpaka huku, Kontena angekuwa na mikono ya malaika visingepona... Na mimi nazijua nafasi hizi. Nimezisikia zikisimuliwa mezani miaka na miaka. Kule ghalani kazi ilikuwa ya watu wawili wawili, mmoja anapanga, mwenzake anajaza, anayepanga anaacha nafasi ya kidole na kusogea kwenye boksi linalofuata, anayejaza anakuja nyuma yake na gunia la maranda, yale mabaki ya mbao yanayotoka kwenye randa ya seremala, anayamimina, anayashindilia kwa kijiti mpaka kila kioo kikae kimya, na mume wangu alikuwa wa kupanga, na wa kujaza alikuwa Kibiriti, mtu mfupi mwenye hasira za karibu, waligombana kila siku na hawakuweza kufanya kazi na mtu mwingine yeyote. Boksi hili limepangwa. Halijajazwa. Mkono wangu unashuka chini zaidi, kando ya ukuta wa boksi, kuna kitu kirefu, si kioo, ni mti, laini, nakijua kabla sijakitoa, kitu nilichokishika kila siku ya maisha yangu ya jikoni, ni mwiko wangu. Umelazwa pembeni, mpini juu, palepale ambapo mtu akija na gunia lake ataukuta. Amemwekea kijiti cha kushindilia.

Sasa nakumbuka, wala sitaki kukumbuka. Mchana ule alitoka chumbani akijifuta mikono, mimi nakunja mapazia, akapita jikoni akasema, Nimeshampangia, kazi ya Kibiriti imebaki, na mimi nikacheka, nikadhani ni utani wake, nikadhani jina hilo amempachika kijana mmoja mfupi wa kampuni, nikasema haya, nikaendelea na mapazia yangu. Kibiriti amekufa zamani. Tulimzika pamoja, mvua inanyesha, walipokuwa wanashusha jeneza kwa kamba mume wangu alisogea ukingoni kabisa akawaambia wale vijana taratibu, taratibu ndugu zangu, watu wakashindwa kujua walie au wacheke, mjane wake mwenyewe alicheka huku machozi yanamtoka, haiwezekani mtu akasahau siku ile, haiwezekani... na mkate je. Juzi mzee katoka kununua mkate hapo jirani, akachelewa, akaletwa na mwenye duka wa kule nyumba ya zamani, kamkuta amekaa kwenye ngazi zetu za zamani na mkate mapajani, ananisubiri nimfungulie, na sote tukacheka, nikamwambia mwenye duka si unajua tena, ndiyo kwanza tumehama, miguu inakwenda yenyewe. Miguu. Na binti yetu kanieleza kwenye simu, mwezi uliopita, tulikuwa hata hatujahama, Mama, baba kaniuliza mume wangu, mkwe wake, anafanya kazi gani, nikamjibu, tukaongea mengine, akaniuliza tena, nami nikamkatiza, nikasema baba yako hajawahi kumsikiliza mtu kwenye simu, mwache, na nikarukia habari za rangi ya kuta. Nimekuwa nikijaza nafasi. Kila alipoacha nafasi nimekuja nyuma yake na gunia langu, uchovu, uzee, kuhama, kelele za simu, nikashindilia, nikanyamazisha, na hili moja tu ndilo lililonipita kwa sababu alilifunga kwa utepe.

Mama, anasema msimamizi, na safari hii amechuchumaa, uso wake umekaribia, ni mtu mwema pengine, ana harufu ya sabuni, Sikuharakishi, ila nina nyumba nyingine mbili leo, na mume wangu kutoka kwenye kiti chake anasema, Mwambie ukweli, mke wangu, usiogope, mwambie bwana ukweli. Ukweli. Nausogeza mwiko chini ya magazeti, nalala kidogo juu ya boksi kama mtu anayetafuta kitu, nalifunika kwa kifua, kwa sababu ukweli huu hapa, na yeye akisimama kwenye kile kiti akapiga hatua nne atauona. Macho yake ni mazima. Mtu aliyesahau mkate unapelekwa nyumba ipi hatasahau boksi, ataliangalia mara moja tu, ataona safu, ataona nafasi, atajua ni mkono wa nani, na atajua anayejaza hakuja, na atakumbuka kwa nini hakuja, yote kwa mkupuo, mbele ya wanaume wawili wageni na mimi. Nikisema mume wangu ndiye aliyefunga, atasimama. Atasimama tu, atataka kuonesha. Nikisema watu wenu, maneno yale mawili yaliyokuwa juu ya ulimi, hatasimama, ataketi palepale na heshima yake, na yule pale mlangoni atailipia heshima hiyo kwa mshahara wake, hata hajui kilichomshtaki ni nini, hajatetemeka wala hajabembeleza, anaizungusha kofia yake juu ya goti, ana watoto bila shaka, ana mama mahali fulani naye magoti yanamuuma. Na mimi wiki nzima nimekuwa namwita mwizi wa mwiko. Ee Mungu, nimechoka. Sitaki kuchagua mtu. Kama ningejua hili jana ningelifungua mwenyewe, ningejaza kila nafasi kwa magazeti, ningefunga upya, madai yafe, lakini jana nilikuwa na hasira, hasira ni kitu kitamu sana, inakushikilia wima, nilikuwa na watu wa kuwapigia simu. Sasa nimpigie nani. Hiki kilichovunjika sijui nikidai kwa nani, hakuna kinanda, hakuna msichana wa kusema samahani kwa usumbufu, ni mimi na yeye na nyumba hii yenye vyumba viwili na sakafu ya saruji, na siku zitakuja moja moja, na katika kila moja nitahesabu kilichobaki... basi. Basi, mama wee, jibu.

Nilifunga mimi, nasema. Sauti inatoka ndogo, nairudia ili isikike mpaka dirishani, Nilifunga mimi mwenyewe. Watu wenu hawakuligusa, na huyu baba aliyelibeba hakuliangusha, mimi ndiye sikujaza vizuri. Msimamizi ananiangalia kwa mashaka, Wewe mwenyewe mama, si ulisema kwenye simu kwamba, nakatiza, nilisema mengi kwenye simu, naomba radhi, sikuwa nimeliona, na namgeukia Kontena namwambia, Nisamehe, ndugu yangu, nilikusema vibaya, na yeye anaivaa kofia, anaivua tena, anasema Hakuna neno, mama, hayo yapo, na shingo yake inalegea. Msimamizi anainuka huku anasema basi hapo kampuni haitahusika, anasema pole, anasema mengine, simsikilizi, nasikiliza dirishani. Namsubiri mume wangu. Namsubiri afoke. Mtu huyu hajawahi kuniachia nifunge hata sanduku la nguo, siku ya harusi ya binti yetu nilifunga zawadi nikatoa jasho, akaifungua mbele ya mashemeji akaifunga upya, nikavimba siku mbili, miaka yote hii mtu akisifu boksi lililofungwa vizuri nilikuwa hata sithubutu kutabasamu lisije likadhaniwa langu. Foka sasa. Sema mwongo huyo, mke wangu hajui kufunga hata mkate kwenye gazeti, vioo vile nilifunga mimi, niliingia chumbani nikajifungia mchana kutwa, sema, niumbue mbele ya hawa watu wawili, nitakubali, nitalifunua boksi mimi mwenyewe, tutaligombania usiku na mchana, nakuomba, baba watoto, nikasirikie. Kiti kinalia. Anakuja, nasikia ndala zake zinaburuta kwenye saruji, polepole, nazikunja kingo za boksi zikutane, anasimama nyuma yangu, na mkono wake unatua begani kwangu, mwepesi, mkono ule ule wa kushikia kioo. Si kitu, mke wangu, anasema, na ndani ya sauti yake hamna hasira hata chembe, kuna huruma tu, huruma ya kweli, ya mtu mzima kwa mtu aliyejaribu kazi asiyoiweza, Usijilaumu, kazi hii ina wenyewe. Siku nyingine uniite mimi. Msimamizi anasema jambo kuhusu kuweka saini, Kontena amesimama mlangoni anasubiri tuagane, na mimi bado niko magotini, nimelishika boksi kwa mikono yote miwili, na namwambia, Haya, nitakuita.